Mwekundu Kulia, Mweusi Kushoto

Nimeona watu wenye wivu wa kila aina, lakini aliyeona gere mpaka chai ikamshinda kumeza ni mmoja tu, Mama Tabaka. Nina haki ya kusema hivyo kwa sababu ni shoga yangu. Tumefanya kazi ghala moja tangu enzi ambazo kila mmoja wetu alikuwa na kiuno. Yeye anasoma mawe, mimi nayakata.

Ghala lenyewe ni jengo refu la mabati nyuma ya ofisi za kampuni ya mafuta. Ndani kuna rafu mpaka darini, kwenye rafu kuna masanduku, na ndani ya masanduku kuna mawe. Si mawe ya kujengea. Mtambo unapochimba kisima cha mafuta, mara nyingine huteremshiwa bomba lenye meno mdomoni, nalo hurudi juu na kipande kirefu cha mwamba wa huko chini, cha mviringo, kinene kama mkono wa mbeba mizigo. Sisi tunakiita mche, kama mche wa sabuni. Mche ukifika ghalani mimi naupasua kwa urefu kwa msumeno wa maji, nawalowanisha wote waliosimama karibu, kisha Mama Tabaka anaanza kusoma.

Anasoma kwa lenzi inayoning'inia shingoni, kwa chupa ya asidi, na kwa meno. Ndiyo, meno. Anamega chembe ya jiwe, anaitia kwenye meno ya mbele, anaisaga taratibu huku ameangalia dari. Ikikwaruza, kuna mchanga. Ikiteleza, ni tope tupu. Mkaguzi mmoja alimkuta akitafuna, akampongeza kwa ujauzito. Wakati huo Mama Tabaka alikuwa keshaupita umri huo kwa mbali, na yule mkaguzi hakukanyaga tena ghalani mpaka alipohamishwa.

Alichokuwa akikisoma miaka yote hiyo ni mto uliokufa. Zamani sana, kabla ya bibi wa bibi wa mtu yeyote, palikuwa na mto mkubwa ulioingia baharini mahali ambapo leo tunachimba visima. Mto ukifika baharini unachoka. Mchanga mzito unautua pale pale mlangoni, tope jepesi linaelea mbele kidogo ndipo linatulia. Mwaka kwa mwaka mlango wa mto unasogea mbele, mchanga unalala juu ya tope la jana, na nchi kavu inakuja nyuma yake na majani yake na mizizi yake. Kwa hiyo mche wa mlango wa mto una tope chini, mchanga laini katikati, mchanga mnene juu. Mche uliotoka kwenye mkondo wenyewe wa mto ni kinyume chake. Punje kubwa ziko chini na laini ziko juu.

Watu huko nje wanadhani chini kuna ziwa la mafuta, unatia mrija unanyonya. Mafuta yamo kwenye vijitundu kati ya punje za mchanga, kama maji ndani ya sifongo, na juu yake tope lililogeuka jiwe limekaa kama kifuniko. Sasa kama mchanga ni wa mlango wa mto, umeenea kama mkeka, na kisima kingine unaweza kukichimba mbali. Kama ni wa mkondo, umekaa kama mshipi, mwembamba na wenye kona, na ukitoka nje yake hatua chache umechimba tope. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mche wowote ni moja: kichwa chako kiko wapi? Anayeupokea kule kisimani anachora mistari miwili ya rangi kwa urefu wake. Ukiusimamisha vizuri, kichwa juu, mstari mwekundu uwe kulia na mweusi kushoto. Mwekundu kulia, mweusi kushoto. Hiyo ndiyo shahada yetu sote ghalani, hata mlinzi anaijua.

Mama Tabaka hana mtoto aitwaye Tabaka. Hana mtoto; jina ni la matabaka ya mawe anayoyasoma. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa kwao, ambaye mama yao alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Dada mtu alimlea. Alikuwa akimbeba mgongoni huku akikariri masomo yake, na anasema neno la kwanza alilotamka yule mtoto lilikuwa jina la jiwe. Mimi sikuwepo, siwezi kubisha. Alimsomesha, akampeleka kwa waajiri, akamwombea kazi ya kupokea miche kule kisimani. Kila zamu yake ikiisha, Kitinda alikuwa anapitia kwanza kwa dada yake kabla ya kwenda kwake, buti bado zina matope. Mama Tabaka alikuwa anazisafisha mwenyewe kwa kisu cha jikoni na kuniletea tope lake kazini nilione, eti zuri.

Kisha akaja msichana wa kujifunza kazi. Mpole, mikono myembamba, anauliza maswali na kusubiri majibu. Mama Tabaka alimpenda kuliko wanafunzi wote waliopita. Akamwachia lenzi yake, akamfundisha kutofautisha tope na mchanga kwa meno. Siku moja Kitinda akaleta masanduku kutoka kisimani, akamkuta yule msichana ameinamia meza, amefumba macho, anasaga chembe. Akasimama pale na sanduku mikononi mpaka nikamwambia alitue, litamvunja mgongo. Harusi haikuchelewa.

"Nimemfundisha kutafuna jiwe," Mama Tabaka aliniambia, "akanitafunia na mdogo wangu."

Tangu siku ile alimwita Wifi, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye sauti kubwa ghalani, sote tukamwita Wifi, hata mkurugenzi. Wa kompyuta walikuwa wanacheka kwamba ofisi yetu ndiyo pekee ambayo wifi yake haikatiki. Yule binti alikuwa anacheka nao. Mama Tabaka hakucheka.

Niseme wazi: hakumchukia. Kumchukia kungekuwa afadhali, chuki inachoka. Alikuwa na wivu, na wivu hauna likizo. Alimwonea wivu kwa shati la Kitinda lililopigwa pasi upya, maana zamani mikunjo ya shati lile aliijua yeye. Aliona gere Kitinda alipocheka mzaha wa mkewe ambao dada hakuuelewa. Siku za mapumziko walikuwa wanakwenda wote wawili kumtembelea, na baada ya kula Wifi anainuka kuosha vyombo.

"Sufuria zangu kazisugua mpaka zimeniaibisha," aliniambia. "Nimejiona kwenye sufuria, shoga. Nimezeeka."

"Si umshukuru?"

"Nimeshukuru. Nimeshukuru mpaka meno yameniuma."

Basi mkuu wa idara yetu akakaribia kustaafu. Hapo ndipo donge lilipopata mahali pa kukaa. Kiti kile Mama Tabaka alikuwa akikitazama miaka mingi, na kwa haki kilikuwa chake. Lakini Wifi naye alikuwa amekwenda kusoma zaidi, akarudi na shahada nyingine, na kisima kipya kilipochimbwa miche yake alipewa yeye aisome. Mama Tabaka aliachiwa visima vya zamani. Akasoma vya zamani akasema kama alivyosema siku zote: mlango wa mto, mchanga umeenea kama mkeka, kisima kinachofuata tuchimbe mbali upande wa mashariki. Wifi akasoma kipya akasema: mkondo wa mto, mchanga ni mshipi, tuchimbe karibu na tufuate kona.

Wote wawili hawawezi kuwa sahihi. Mkurugenzi akaitisha kikao. Kila mmoja alete usomaji wake, na yule ambaye kampuni itachimba aliponyooshea kidole, ndiye atakayekikalia kiti cha mkuu. Kama mmoja atahitaji muda zaidi, akasema, wakubaliane wenyewe wawili, atawasogezea.

Kwa mtu mwingine hicho kingekuwa cheo tu. Kwa Mama Tabaka ilikuwa mizani. Upande mmoja yeye, upande mwingine Wifi, na katikati anayetazama ni Kitinda. Alijiona akishindwa, na Kitinda akimpigia makofi mkewe kwa adabu ya kumficha dada asiumie. Hiyo adabu ndiyo aliyoiogopa. Alinieleza yote haya kwa mdomo wake, tumekaa juu ya masanduku, kikombe cha chai kimepoa mkononi mwake.

Siku ya kabla ya kikao Wifi akamfuata ghalani. Mimi nilikuwa nabadilisha maji ya msumeno.

"Nakuomba kitu, wifi. Kikao tukisogeze kidogo."

"Kwa nini?"

"Kuna kitu sijakimaliza."

"Mimi changu nimemaliza."

"Wiki moja tu. Ukikubali wewe, mkurugenzi hatakataa."

"Kama hujajiandaa, sema hujajiandaa. Usinifanye mimi kiraka."

Wifi alitaka kusema neno. Nililiona limefika kwenye midomo, likarudi. Akasema, "Haya, wifi," kwa sauti ndogo, akaondoka huku amekumbatia mafaili yake.

Mama Tabaka alibaki amesimama. "Anaogopa," alisema. "Anaogopa nini?" Na kwa kuwa hakuna kinachompa mtu miguu kama wivu, akaelekea kwenye rafu za kisima kipya, ambazo kwa heshima ya kazi hakuwa amezigusa. Nikamsikia akivuta masanduku. Nikamsikia akinyamaza. Kisha nikamsikia akicheka, na ni kicheko ambacho sikukipenda.

"Njoo uone kioja," aliniita. "Miti imeotesha mizizi juu."

Nikaenda. Alikuwa ameulowanisha mche kwa sifongo, na kwenye jiwe la kijivu kulikuwa na nyuzi nyeusi nyembamba, mizizi ya majani yaliyokufa zamani zile. Shina lake lilianzia chini ya sanduku, na matawi yake madogo yakaelekea juu, yanatafuta mbingu.

"Labda ilipandwa na wachawi," nikasema.

"Hakuna mchawi. Mche umelazwa kichwa chini miguu juu. Bomba zima, lile lile lenye mchanga wa mafuta. Ugeuze uone: tope linakuja chini, mchanga mnene unakwenda juu. Mlango wa mto! Mkondo wake wote ni mlango wa mto uliosimama kwa kichwa."

Nikaangalia mistari. "Mbona mwekundu uko kulia?"

"Mistari nayo imechorwa kinyume."

"Aliichora nani?"

"Aliyechora kachora," akasema, wala hakuitazama. "Msomaji ndiye anayepaswa kuona. Jiwe linapiga kelele, yeye anasoma rangi. Ndiyo shahada hiyo!"

"Basi kamwambie kabla ya kikao."

"Mwenye macho haambiwi tazama."

"Ni wifi yako."

"Ndiyo maana simwambii."

Nilimwambia kwamba kupanda mchongoma ni rahisi, kushuka ndiyo ngoma. Akaniambia nimletee sanduku lile kikaoni, na sifongo, na nisilipindue njiani. Siku hiyo alikunywa chai yake yote, na ya kwangu.

Chumba cha kikao kina meza ndefu ya kioo na kiyoyozi kinachowatetemesha wageni. Walikuwepo mkurugenzi, mkuu wetu anayestaafu, na mkuu wa uchimbaji, mtu wa mabega mapana ambaye siku zote anaongea kana kwamba mtambo bado unanguruma nyuma yake. Wengine walikuwa wa kujaza viti. Mimi nilisimama nyuma na sanduku langu lililofunikwa.

Wifi alianza. Nilitegemea angejipigania, lakini aliongea kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyolowa. Kila sentensi ilikuwa na "huenda." Alisema usomaji wake ni wa awali, kwamba bomba moja lina mashaka, kwamba angependa lipigwe picha kwenye mashine kabla kampuni haijaamua. Mkuu wa uchimbaji akauliza mashaka gani. Akasema bado anayachunguza. Mama Tabaka, pembeni yake, alikuwa anazungusha lenzi kwenye kidole.

Zamu yake ilipofika hakufungua kompyuta. Alinipungia mkono, nikaliweka sanduku katikati ya meza, juu ya kioo chao. Akalowanisha mche polepole kama mtu anayemnawisha mtoto uso, akawaita wote wasogee.

"Waheshimiwa, mimi ni mama wa kawaida," alianza, na hapo nikajua hana huruma leo. "Nyumbani nina maua kwenye kopo. Mizizi yake inakwenda chini. Labda ninayamwagilia vibaya. Maana huku kwa mwenzangu, mizizi inapanda juu."

Walicheka. Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani. Mama Tabaka akawaeleza sasa kwa kituo, akaligeuza sanduku mbele ya macho yao, na hata wale wa kujaza viti waliona mchanga ukinenepa kwenda juu kama alivyosema siku zote. Mkuu wetu anayestaafu alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Mama Tabaka alikuwa amesimama wima, uso unang'aa, na nakuapia alikuwa mzuri. Wifi alikuwa ameinamisha uso, mikono mapajani.

Ndipo mkuu wa uchimbaji akapiga meza.

"Mama, umetuokoa. Tungechimba tope. Lakini mimi nataka jambo moja tu. Nani kachora mistari hii? Maana kama ni mtu wangu wa kule kisimani, huyo leo leo anashuka mtamboni na harudi. Na nitahakikisha hakuna mtambo mwingine unaompokea. Nani?"

Na Mama Tabaka, kwa mara ya kwanza tangu alivute sanduku lile rafuni, aliiangalia mistari. Sote tuliiangalia, lakini yeye aliona kitu kingine. Pembeni ya mstari mweusi kulikuwa na tarakimu za kina cha kisima kwa wino, na ndani yake kulikuwa na saba yenye mkanda kiunoni. Mkanda ule aliuweka yeye. Kitinda alipokuwa anajifunza kuandika, saba yake na moja yake zilikuwa mapacha, na dada akamshika mkono akamwonyesha: saba mfunge mkanda, suruali isimvuke. Niliuona uso wa shoga yangu ukizimika.

"Ni mimi," akasema Wifi.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameinua kichwa.

"Miche ilipooshwa ghalani, mistari ya bomba hili ilifutika. Nikaichora upya mwenyewe, na namba zake. Nilianzia upande usio wake. Mpokeaji wa kisimani hana kosa. Kosa ni langu, na kulisoma kichwa chini ni langu pia."

Mimi ndiye ninayeosha miche. Hakuna mstari uliofutika. Hakuna mtu aliyechora chochote ghalani. Mkurugenzi alinitazama, akauliza, "Ndivyo ilivyokuwa?" na mimi nikaangalia sifongo langu, nikasema, "Maji ya ghalani yana nguvu, mzee." Mungu atanisamehe, au asinisamehe, ningesema tena.

Hukumu ilikuwa fupi. Wifi hatasoma tena mche wa kampuni. Atahamishiwa chumba cha ramani mpaka mkataba wake uishe, na baada ya hapo wataangalia, na sote tulijua wakisema wataangalia maana yake hawatatazama. Kisima kitachimbwa mashariki, mahali alipoonyesha Mama Tabaka. Na kiti ni chake. Wakampa mkono mmoja mmoja, naye akaupokea kila mkono kama mtu anayepokea rambirambi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na sidhani kama walikuwa wanafikiria visima vya mafuta.

Kwenye ujia, nje ya mlango, alimkimbilia Wifi akamshika kiwiko. Nilikuwa nyuma yao na sanduku, na ujia ni mwembamba, sikuwa na pa kupita.

"Ulijua?"

"Nilijua wiki hii. Niliona mizizi kama ulivyoiona wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuomba wiki moja, wifi."

"Hukusema kwamba ni yeye!"

Wifi alishusha pumzi. "Aliniomba nisikwambie. Bomba lililazwa kwenye fremu kichwa upande wa miguu, mvua inanyesha, wanamharakisha, akaanza kuchora upande usio wake. Nilipompigia simu kumwuliza, akakumbuka. Alilia, wifi. Akasema lolote liwe, lakini dada asijue. Nikafikiri nikilipiga picha kwenye mashine, nitaleta marekebisho ya kawaida, nitasema nilisoma vibaya, ungeshinda wewe, na jina lake lisingetajwa."

"Asijue dada? Mimi nimemfanya nini?"

"Hujamfanya kitu. Anasema kazi ulimwombea wewe. Hawezi kukutazama akiwa ameiharibu."

"Angekuja kwangu! Kwangu ndiko angekuja kwanza!"

"Hakuweza," Wifi alisema. Hakulisema kwa ushindi. Lingekuwa la ushindi lisingeuma hivyo. Kisha akamwondoa mkono kiwikoni mwake kwa upole, akasema anakwenda kutoa vitu vyake mezani kabla watu hawajatoka kwenda kula.

Mama Tabaka alirudi ghalani, akakaa kwenye kigoda karibu na msumeno wangu. Nikamwekea chai. Hakuigusa. Nilijaribu maneno niliyokuwa nayo.

"Si umepata kiti?"

"Nimepata."

"Na mdogo wako yuko salama kazini."

"Yuko salama. Nani kamwokoa?"

Alikuwa amekunja kitambaa cha kufutia mikono, anakikunjua, anakikunja tena.

"Ulimwona?" akasema. "Hata hakufikiri. Wanauliza nani, yeye anaitika kana kwamba kaitwa jina. Mimi bado nilikuwa naangalia ile saba. Mimi nilikuwa nafikiria kwanza nitaonekanaje."

"Kesho nenda kwa mkurugenzi ukaseme ukweli."

"Nikisema ukweli, namfukuzisha mdogo wangu kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, kila akimtazama mkewe atakumbuka nani alimkingia kifua. Na akinitazama mimi atanipongeza kwa kiti." Alicheka kidogo, bila hewa. "Ataniletea zawadi, utaona. Ana adabu, nimemlea vizuri."

"Basi mshukuru Wifi. Ungempoteza Kitinda."

"Nitamshukuru. Nitampigia magoti ikibidi. Lakini wewe ni shoga yangu, wewe sikudanganyi." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake mlikuwa na kile kile nilichokijua tangu siku ya harusi, hakijapungua hata punje. "Ule uongo ulikuwa wa dada kuusema. Hata huo kaniwahi."